Dimbwi Chini ya Pikapu ya Mahari

Jumamosi nilipeleka mbuzi wa mahari Kianjokoma kwa pikapu yangu. Kila niliposimama, nilikuta maji chini ya gari. "Ni mbuzi wanakojoa," nikamwambia mjomba wangu aliyeketi kando yangu. Kitu kikaanza kulia mbele, nikasema ni mbuzi pia. Sasa najua ilikuwa pampu ya maji. Ikichakaa hulia, huvuja, na maji hayazunguki tena kupoza injini. Mshale wa joto ulipanda, jasho likanitoka, lakini nani husimama njiani wakwe wakimngoja?

Tulifika, mbuzi wakapelekwa zizini. Baba mkwe, akiwa na wazee wenzake, akaona dimbwi likikua chini ya boneti, pale pale niliposimama.

"Ni mbuzi tu, mzee," nikasema haraka.

"Lakini mbuzi zote ziko kule," akasema polepole.

Wazee wote wakageuka kuangalia suruali yangu.