Herufi ya Dhali kwenye Meno ya Plastiki

Meno yangu ya juu yalipokwisha, niliacha kuswalisha. Ulimi haukuwa na pa kugusa, na katika Fatiha "alladhina" ilitoka "allazina". Sikutaka kubeba swala za watu kwa kinywa kile.

Daktari wa meno hapa Isiolo, mama kutoka Meru, alipiga picha ya mfupa na ya ufizi. Kwenye kompyuta akanipangia meno yote ya juu na skrubu sita za kuyashikilia. Kisha akachapisha meno ya plastiki ya kujaribu, akanivalisha.

"Ukiyakubali, mzee, nabonyeza hapa. Mpango huu ndio utaongoza keekee yangu nikitoboa mfupa. Skrubu zikishaingia mfupani, hatuzisogezi tena. Haya, tusikie 's' yako: hesabu kuanzia sitini."

Nikahesabu mpaka sabini.

"Safi! Hata mtangazaji wa redio hakufikii."

Nikasema alhamdulillahi. Lakini chinichini nilikuwa nimeijaribu dhali, ile ya "alladhina", na ulimi ukagonga ukuta. Nikanyamaza. Nimefundisha subira katika chuo cha Kurani miaka mingi, na mama yule alikuwa amehangaika na kinywa changu tangu asubuhi. Mkono wake ukaenda kwenye kitufe.

"Mwalimu," mke wangu, aliyekaa kando na tasbihi yake, akasema, "mbona unameza mate? Soma Fatiha."

"Daktari amechoka."

"Subira si kunyamaza. Utaswalisha watu kwa sitini na sita?"

Daktari akamtazama mke wangu, akaondoa mkono. Nikasoma. Nilipofika "alladhina", ikatoka "allazina" ileile.

"Nioneshe ulimi unataka kwenda wapi," daktari akasema. Nikamwonesha: ncha yake kwenye makali ya meno ya mbele. "Aa, sauti hiyo! Kwetu Meru tunayo tele. Mbona hukusema?"

Akayasogeza meno mbele kwenye kioo cha kompyuta, akakunja uso. "Sasa skrubu hii inakosa mfupa." Akairudisha, akailaza kidogo, akapunguza unene wa meno kwa nyuma. Mke wangu alikuwa ameacha kuvuta tasbihi. Mwishowe daktari akasema, "Imeshika. Lakini mdomo ndio utakaoamua. Rudini Alhamisi."

Alhamisi akanivalisha plastiki mpya. Nilisoma polepole, nikiogopa kufika. Ncha ya ulimi ikapata makali, pumzi ikapita katikati: "alladhina". Nikarudia mara tatu, maana sikujiamini.

Daktari hakumtazama mke wangu safari hii. Alinitazama mimi. "Mzee, nibonyeze?"

"Bado. Dhali iko sawa. Thaa, ile ya 'thamani', sijaijaribu."