Masale Niliyoamuru Yang'olewe

Mimi shule niliishia darasa la tatu. Nasema mapema ili msomi asinisumbue. Duka langu la vifaa vya ujenzi pale Sokon I, na nyumba ninayolala, nimevitafuta kwa mikono hii, nikianzia kugonga kokoto. Kwa hiyo mchungaji aliponiita akasema, "Mzee, kwenye safari hii ya misheni wewe kazi yako ni moja tu, kuwatia moyo wenzako," sikushangaa. Angemwambia nani mwingine? Walimu na makarani wa usharika, ambao wakibeba ndoo mbili wanatafuta kivuli?

Safari ilikuwa ya siku tatu. Tulikwenda Nkoaranga, kwenye mteremko wa Meru, kumjengea mjane mmoja nyumba ya chumba kimoja, ambayo mafundi walishaiwekea msingi. Mumewe alikuwa amemwachia kibanda cha udongo kinachovuja, shamba dogo la kahawa na migomba, na shemeji. Huyo shemeji, mdogo wa marehemu, analima shamba linalopakana na hilo. Baba yao aliwagawia kwa mdomo tu, bila karatasi, akapanda masale katikati.

Kwa asiyeyajua: isale ni mmea wa majani marefu, mgumu kufa. Kwetu Uchagani, na kwa Wameru vilevile, mstari wa masale ndiyo hati ya mpaka. Haung'olewi. Na mtu aliyekukosea akija na isale mkononi, humfukuzi, lazima umsikilize. Hayo niliyajua kabla sijajua kuvaa viatu. Nayaandika hapa isije ikasemwa sikujua.

Siku ya kwanza lori liliishia chini barabarani. Tofali zote zilipanda kwa vichwa na mabega, kwenye kijia chembamba, chenye utelezi, kinachozunguka kahawa. Ilipofika saa sita watu walikuwa wamekaa chini. Nikaanza kazi yangu.

"Mimi nilibeba mawe na njaa tumboni," nikawaambia. "Nyie mmekunywa chai na maandazi. Mnalia nini?"

Mwalimu mmoja akanijibu, "Mzee, huko ni kututia moyo au kututukana?"

"Anayetaka kubembelezwa arudi kwa mama yake."

Walicheka, wakainuka. Nilijisikia mkubwa. Nilitembea katikati yao kama nyapara, huyu nikimpiga begani, yule nikimwita mzembe, na kweli kazi ilikwenda.

Siku ya pili wingu likatua mlimani tangu asubuhi. Tofali zilikuwa bado nyingi na saruji ilikuwa wazi. Mjane alikuwa ameteremka kusagisha mahindi ya chakula chetu. Ndipo yule shemeji alipokuja, mpole, kofia mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Naona mnateseka. Piteni kwangu, kuna njia pana, hata toroli inapita. Ila ndiyo hivyo, kuna haya majani hapa katikati." Akayatazama, akatazama pembeni. "Mimi siwezi kuyagusa. Nyie mtaona wenyewe."

Nikamshukuru mbele ya wote. Nikasema huu ndio upendo wa Kikristo, jirani anafungua shamba lake. Nikaomba sururu.

Tulikuwa na mama mmoja wa Olasiti, muuza ndizi, aliyezaliwa hukohuko Meru. Siku mbili hakusema neno, alibeba tu. Sasa akatua tofali lake.

"Baba, haya yamepandwa mstari. Tumsubiri mwenye nyumba."

"Mama, na mvua nayo itamsubiri mwenye nyumba?"

Watu wakacheka.

"Baba, wewe unayajua masale. Hata kwenu yapo."

Hapo alinigusa, maana alisema kweli, na aliisema mbele za watu. Ningeweza kusimama. Badala yake nikapaza sauti kama niko mimbarani: "Wapendwa, shetani akikosa mlango anaingia kwa neno hilo, tusubiri! Tumekuja kujenga, hatukuja kuhesabu majani!" Wakapiga makofi. Mmoja akaanzisha pambio.

"Haya, baba," yule mama akasema. "Wewe ndiye mkubwa."

Akajitwika tofali lake, akapanda kwa kile kijia cha kuzunguka. Sisi tuling'oa masale na mizizi yake, maana visiki vingepindua toroli, tukasawazisha na udongo. Siku nzima toroli zilipita hapo, na siku nzima yule mama alizunguka peke yake. Mimi ambaye sijawahi kuchimba msingi bila kupigilia vigingi na kufunga kamba, sikuacha hata kijiti kimoja kuonyesha mstari ulipokuwa.

Mjane alirudi na unga kichwani. Alisimama bila kuutua.

"Nani kayatoa?"

Wote wakanitazama. Walikuwa wameacha kuimba.

"Ni mimi, mama. Ni kwa ajili ya toroli. Tutakupandia mengine."

"Wapi?"

Nikautazama udongo tuliousawazisha. Hakupiga kelele. Aliingia jikoni, akatupikia, tukala.

Nyumba tuliimaliza, tukaomba, tukapigwa picha. Jumapili tulisimamishwa mbele ya usharika, na mchungaji akasema bila maneno yangu wale watu wangeshindwa. Nilipigiwa makofi. Mama wa Olasiti alikuwa benchi la nyuma, mikono mapajani.

Mvua zilipokwisha, mama huyo ndiye aliyekuja dukani kuniambia. Shemeji amepanda migomba hadi karibu na ukuta wa nyumba mpya. Njia ya toroli ameilima, ameifanya shamba. Anasema mpaka ni ukuta. Wazee wataketi; mjane na shemeji ni wenye kesi, maneno yao hayatoshi, kwa hiyo wanatutaka mimi na mama huyo tukatoe ushahidi.

Tulikwenda. Mwenyekiti wa kitongoji akaniambia, "Mzee, wewe ni mjenzi, jicho lako ni kamba. Tuonyeshe masale yalipokuwa."

Nikaingia shambani. Udongo ule mweusi ulikuwa umepigwa jembe wote, mahindi yameshafika magotini. Nikatembea, nikarudi, nikasimama. "Hapa."

Mama wa Olasiti alisimama hatua sita kutoka nilipo mimi. "Hapana, baba. Ni hapa."

Shemeji akacheka. "Wazee, mnaona? Mashahidi wawili, mipaka miwili. Na huyu mzee ndiye aliyeng'oa, tena kwa kuimba."

Hakuna aliyemkaripia, maana alisema kweli. Wazee walinong'ona kwa Kimeru, kisha mwenyekiti akasema hawawezi kukata shamba la mtu kwa kubahatisha. Ibaki kama ilivyo. Mjane aliinama, akang'oa gugu moja miguuni pake, akalitupa.

Wiki iliyofuata nilikata isale uani kwangu nikapanda nalo mlimani, kwa miguu, kwa kile kijia. Nimemzidi mjane yule miaka zaidi ya ishirini, na sijawahi kumwomba mtu radhi kwa isale.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama." Nikamnyooshea isale kwa mikono miwili.

Akalipokea. Desturi ndivyo inavyotaka. Akaligeuza akaangalia lilipokatwa.

"Nimekusamehe, baba," akasema. "Siwezi kukataa isale." Kisha akanirudishia mkononi. "Sasa nenda ukalipande pale lilipokuwa."

Akaingia ndani, kwenye nyumba tuliyomjengea, akafunga mlango. Nikatoka hadi kwenye ile migomba. Nikasimama mahali pangu, nikasogea mahali pa mama wa Olasiti, nikarudi. Shemeji alikuwa kwenye kahawa yake ananitazama.

"Shikamoo mzee," akaniita. "Unatafuta nini?"