Tulitiki "ziharibiwe" huku tukicheka, sasa mke wangu hayupo

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine salaam. Haya yamenikuta mwenyewe, sikusimuliwa. Asiyeamini apite tu, sina nguvu ya kubishana.

Mimi mkulima wa kahawa, Nyabiyonza. Mke wangu alitoka Kimuli.

Miaka tisa ya ndoa, mtoto hakuna. Maneno ya watu mnayajua.

Tukaenda kliniki moja ya IVF, wanaotungisha mimba maabara, mkoa wa mbali. (Sisi Wakatoliki, paroko hatukumwambia.) Zikapatikana embryo nne, yaani mimba changa kabisa. Moja wakampandikiza, haikushika. Tatu zikabaki kwenye barafu.

Siku ya kuzihifadhi tukapewa fomu ndefu. Mimi nawaza basi la kurudi, mke wangu ndiye anasoma. Akanigusa mkono.

"Mume wangu, wanauliza mmoja wetu akifa zifanyweje. Apewe aliyebaki, wapewe watu wengine, au ziharibiwe?"

Nikamjibu, "Tiki popote bwana, nani anakufa hapa?"

Akatiki cha mwisho, akacheka. Tukasaini wote.

Masika yaliyofuata bodaboda iliteleza naye kwenye tope. Hakufika hospitali. Tulimzika kibanjani kwangu, katikati ya migomba, kama tunavyozikana huku.

Matanga yalipoisha mama mkwe hakurudi kwao. Mke wangu ndiye alikuwa binti yake pekee. Akaniita.

"Mwanangu, wale watatu bado wapo?"

"Wapo, mama."

Mae we! Alitabasamu, mara ya kwanza tangu msiba. "Basi tafuta mwanamke wa kuwabeba."

Nikapiga simu kliniki, nikaeleza mke wangu amefariki, nazitaka embryo zetu. Nesi akafungua faili. "Pole sana kaka. Marehemu alichagua ziharibiwe. Tunafuata neno lake."

Neno lake? Lile lilikuwa neno langu mimi, mpumbavu wa kuwahi basi! Au labda alimaanisha kweli. Sikumuuliza, na sasa sitajua kamwe. Hilo ndilo linanila.

Nilikaa wiki mbili ndipo nikamwambia mama mkwe jibu la kliniki. Akasema, "Basi waombe watupatie, tuwazike na mama yao."

Nikapiga tena. Wakasema ilishafanyika. Simu yangu ile ya kwanza ndiyo iliwajulisha kuwa amekufa.

Wakuu, fomu someni. Na mkeo akikuuliza habari za kifo, basi liache liende, mjibu.

Karibuni mseme, hata matusi napokea. Ila nisaidieni kwanza hili: mama mkwe hajui kuwa zimeshaharibiwa. Jana amepalilia pembeni ya kaburi, ameacha nafasi tatu ndogo, ananiuliza nawaleta lini.

Nimwambieje?