Siku Nilipokufa Jukwaani na Mume Niliyeachana Naye

Nilikufa mbele ya watu mia moja na ishirini, nimevaa taji la bati. Dakika chache baadaye, maiti yangu ikaanza kucheka.

Ngoja niwape yote, msije mkasema naongeza chumvi.

Naitwa Hester. Nakaa mapokezi kwa daktari wa meno, katika mji wetu mdogo wa Ludlow, Uingereza. Jioni naimba kwenye kikundi cha opera, yaani michezo ya kuigiza inayoimbwa. Mwaka ule tuliamua kuigiza opera moja ya Kiingereza ya zaidi ya miaka mia tatu, enzi za wanaume kuvaa mawigi. Malkia anapendana na jenerali wa adui, wanatenganishwa, malkia anakunywa sumu. Jenerali anafika amechelewa.

Malkia ndo mimi.

Miaka kumi na tisa nimeimba nyuma na kwaya, leo napewa taji. Nilikuwa sikamatiki.

Wiki mbili kabla ya onyesho, jenerali wetu akapoteza sauti. Philippa, mwongozaji, akaleta mbadala. Mlango ukafunguka, akaingia Lionel.

Lionel ni mume wangu. Alikuwa. Tuliachana miaka sita iliyopita, na tangu hapo tukikutana sokoni kila mmoja wetu anageuka kuangalia viazi.

Nikamwambia Philippa mimi na huyu hapana, najitoa. Akaniuliza kwa upole, basi taji lile tumpe nani? Nikarudi mazoezini.

Mazoezi yakawa vituko. Nilimwimbia mapenzi huku natazama sikio lake. Akitaka nisogee, anamwambia Philippa amwambie malkia asogee. Wenzetu wakawa wanabishana nani atamzaba mwenzake kofi kwanza.

Siku ikafika. Ukumbi wa kanisa umejaa hadi mlangoni. Nikanywa sumu, yaani sharubati, nikaimba wimbo wangu wa mwisho, nikalala chini, macho nimefumba.

Lionel akaingia, akapiga magoti kando yangu. Akaimba. Halafu akalia.

Sio kile kilio cha mazoezi. Machozi ya kweli, ya moto, yananidondokea shavuni. Nikasikia akina mama wa mstari wa mbele wakivuta makamasi.

Nami maiti, moyo ukalainika. Nikajisemea, kumbe bado ananipenda huyu.

Kwaya ikamaliza. Alitakiwa asimame, anyanyue upanga. Hakusimama. Wapiga vyombo wakarudia ubeti. Bado.

Akainama sikioni mwangu.

"Hester, goti limegoma. Linauma, siwezi kuamka. Nisaidie."

Hapo ndipo maiti ilipocheka. Nilijaribu kubana, tumbo likatikisika, taji likabingirika hadi kwa mpiga fidla. Nikaona isiwe tabu. Nikafufuka, nikampitishia mkono kwapani, nikamnyanyua jenerali wangu mbele ya kadamnasi.

Watu wakasimama kupiga makofi. Wengi walidhani ndivyo ilivyoandikwa.

Baadaye, kwenye chai, nikamuuliza goti hilo limeanza lini.

"Mwaka wa nane huu."

Nikapiga hesabu. Miaka minane nyuma tulikuwa bado nyumba moja. Ndio wakati alipoacha ghafla kutembea nami vilimani kila Jumapili. Mimi nikaamini amenichoka, pengine ana mtu. Nikaanza kununa, naye akaanza kujifungia chumbani. Tukaishia kwa mawakili.

"Kwa nini hukuniambia, Lionel?"

"Niliona aibu. Wewe ulikuwa unapanda vile vilima kama mbuzi."

Nilicheka, halafu nikalia kidogo, keki mkononi.

Hatujarudiana, msinichangamkie. Yeye ana kwake, mimi nina kwangu. Ila alipofanyiwa upasuaji mwezi wa tatu, niliyempeleka hospitali ni mimi. Na simu ya kuomba nimpeleke alipiga mwenyewe.

Ndoa yetu haikuwa na mchepuko wala ngumi. Iliuawa na goti.

Kama kuna mahali panakuuma, mwambie mwenzio leo. Akikucheka, acha acheke. Akimaliza atakushika mkono.