Tiyo ya Mizunguko Kumi na Miwili

Akina mama wa Kibombo walikuja kwenye atelie yetu ya ufundi wa vyuma hapa Kindu kuagiza mtambo wa kutoa mafuta ya mchaichai, ya kutia katika sabuni. Mimi ni mchoraji wa atelie hiyo. Nilipewa kuchora tiyo, bomba la shaba linalozunguka ndani ya pipa la maji, ambamo mvuke hupoa na kuwa mafuta.

Kwenye ordinatere, kompyuta ya atelie, unaanza na mstari unaopanda kwa kuzunguka, kama mmea unaotambaa juu ya kijiti. Unaupa upana, hesabu ya mizunguko, na nafasi kati ya mzunguko mmoja na wa pili. Kisha unachora duara dogo mwanzoni mwa mstari na kuliamuru lifuate njia hiyo hadi mwisho. Linapopita, tiyo inabaki.

Mara ya kwanza programu ilikataa. Patro, mwenye atelie, akainama nyuma yangu.

“Umebana sana,” akasema. “Tiyo iko na unene wake. Hapa inajikata yenyewe.”

Nikaongeza nafasi. Tiyo ikasimama kwenye kioo, mizunguko kumi na miwili, inang’aa. Niliitazama kama ninavyotazama ukuta. Nikachapa karatasi, nikampelekea fundi.

Fundi akaanza kuikunja shaba juu ya gogo. Kwenye mzunguko wa pili ikabonyea.

“Mchoro wako ni muzuri,” akaniambia, “lakini shaba inakataa.”

“Jaza mchanga kwanza. Mukavu. Ushindilie, uzibe huku na huku, kisha njo uzungushe polepole.”

“Nani alikufundisha?”

“Baba.”

Akaenda kutafuta mchanga.

Baba alikuwa fundi wa frigo, yaani majokofu, kwenye karakana ya reli. Vita vilipokuja treni zilisimama, na umeme ukakatika. Akatoa tiyo kwenye frigo lililokufa, akaijaza mchanga, akaizungusha juu ya kinu cha mama. Mama akaitumia kupika lutuku ya muhogo na mahindi. Pombe hiyo ndiyo iliyotulisha. Nilikuwa na miaka tisa. Kazi yangu ilikuwa kubadilisha maji ya kupozea.

Asubuhi moja askari watatu waliingia uani. Waliitaka tiyo, na walimtaka aliyeitengeneza.

“Nitaifunga huko kambini kwao, nirudi,” baba akamwambia mama.

“Chukua koti,” mama akajibu.

Akalichukua. Walipotoka, mama aliumwaga mchanganyiko uliokuwa motoni, akaosha sufuria. Tulikula mihogo iliyobaki. Hakuna aliyelia, na siku zilizofuata pia hatukulia. Tulisikia baba ameonekana mji wa Kampene, kisha hatukusikia kitu.

Alirudi baada ya misimu miwili ya mvua. Nilikuwa natwanga. Mwanaume mwembamba akasimama mlangoni, akaomba maji. Nikampa kikombe kwa mikono miwili, nikasema, “Karibu, baba,” kama ninavyomwambia mgeni yeyote wa rika lake. Alikunywa, akanirudishia kikombe. Mama alipotokea nyuma ya nyumba ndipo nilijua ni nani.

Hakueleza alikokuwa. Hakushika tena chuma wala shaba. Aliishi nasi miaka mingi, akikaa kwenye kiti chake, akijibu salamu. Alipokufa, watu walinisifu kwa kuvumilia. Sikuwa navumilia. Nilitafuta kitu ndani yangu cha kumlilia, sikukipata, nikaenda kuwapikia waombolezaji.

Fundi alimaliza tiyo siku ya Ijumaa. Ilipitisha maji bila kuvuja. Akina mama wakaifunga kwenye pikipiki kwa mipira, mmoja wao akanishika mkono akasema Mungu anibariki. Nikajibu amina.

Jumatatu nilianza kuchora mlango wa chuma wa duka la dawa.