Kikapu cha Skolastika

Ninyi vijana mtakaosoma haya, juzi sokoni Mbinga nilinusa usipa, wale dagaa wa ziwani, nikakumbuka mwaka wa njaa.

Nilikuwa mtoto mchana ule Skolastika, rafiki yangu wa Mbaha, kule ziwani, alipotupandishia kikapu cha usipa.

“Nyie Wamatengo, leo mpumzike kula majani!” alitutania sisi watu wa milimani.

Tulicheka, na njaa yetu ile. Mama alinikataza kurudisha kikapu kitupu, nami nikadhani hata asante haiendi mikono mitupu. Nikangoja mahindi yakomae. Yalipokomaa, homa ilikuwa imeshamuua Skolastika. Alikufa bila kusikia asante yangu, na hadi leo sina pa kuipeleka.

Nyumbani kwangu nimeamuru: chombo cha mtu kirudi siku hiyohiyo, hata kitupu.