Sweta la Fundi Vigae

Shangazi yangu alifuma masweta ya shule miaka thelathini, yote ya bluu, na alipostaafu aliapa hatagusa tena kazi ya rangi moja. Kwa hiyo alipoamua kumfumia kaka yake, yaani baba yangu, alibuni jambo la kukata na shoka: vigae vya sebuleni kwetu, vyeupe, vya kahawia na vya bluu, ambavyo baba mwenyewe alivipanga enzi zake za ufundi. Alivichora kwenye daftari la hesabu, kila mraba kitanzi kimoja. Majirani walipokuja kuangalia alijifanya hasikii sifa, huku akiigeuza kazi waione vizuri.

Baba alikuwa amepata kiharusi mwaka mmoja kabla. Miguu ilirudi, ulimi ukarudi, lakini vidole vya mkono wa kulia vilibaki vimejikunja. Mimi ndiye niliyekuwa namvalisha, mpaka siku aliyoniambia basi, imetosha, hataki kufungwa vifungo na binti yake. Tangu hapo alishinda na shuka mabegani, akawa hatoki nje ya mlango.

Sweta lilipofika kwapani, na mkono wake mmoja umekamilika, shangazi alimpa baba huo mkono aujaribu. Ukifuma kwa rangi kadhaa, uzi usiotumika hupita kwa ndani, umelegea. Kidole kidogo cha baba kilinasa humo. Akasukuma, kikanasa na cha pili. Akauvua taratibu, akaukunja, akamrudishia dada yake.

“Zuri sana,” alisema, akavuta shuka.

Shangazi aliingiza mkono wake mwenyewe, ngumi imefungwa, akanasa palepale. Kisha akachukua mkasi, akakata fundo la mwisho, akaanza kufumua.

“Shangazi, hizo ni wiki tatu,” nilisema. Iliniuma kweli. “Liache tu. Nitamvalisha mimi, atazoea.”

“Ndiyo maana hatoki, mama. Wewe unataka kumvalisha, mimi nataka kusifiwa. Yeye katuomba lipi kati ya hayo?”

Alifumua mpaka mwanzo, akafungua ukurasa mpya wa daftari. Mara hii mikono ikawa ya kahawia tupu, mipana, na shingo pana vilevile. Vigae vilibaki kifuani tu, na kwa ndani akavishonea kitambaa laini ili kidole kisipate pa kunasa. Ile kahawia ilimchosha. Alinung'unika mpaka akamaliza mikono yote miwili.

Siku lilipokwisha, baba aliingia nalo chumbani akafunga mlango. Tulisikia kitanda kikilia, kiti kikisukumwa, kisha kimya. Robo saa ikapita. Niliponyanyuka, shangazi alinishika nguo akanirudisha chini.

Mlango ulifunguliwa. Baba alikuwa amelivaa, jasho usoni, nyuma mbele. Kifuani kahawia tupu, vigae vyote viko mgongoni.

Shangazi huyuhuyu aliwahi kunirudisha nyumbani kutoka getini kwa kifungo kimoja kilichorukwa. Nilimtazama nikingoja.

“Limekukaa, kaka,” alisema.

“Nimelivaa mwenyewe,” alisema baba.

“Tumeona.”

Baba alichomeka miguu kwenye ndala, akatoka bila kutungoja. Tulimfuata mtaani, vigae mbele ya macho yetu njia nzima, na hakuna aliyemwambia.